Ngome Juu ya Maji ya Shemeji

Ngome ya Stolpesø, kisiwani Fyn
Siku ya Mtakatifu Martin, Novemba 1556

Shemeji yangu Edel, wa Kinu cha Chini,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba bata bukini, kwa hiyo usije ukadhani haya nimeyaandika kwa hasira.

Jytte harudi. Ulimleta mwenyewe aje kuiona nyumba yangu mpya, nami nimeona afadhali akae. Ndugu yangu Palle, Mungu amrehemu, hayupo. Binti asiye na baba mlezi wake ni baba mkubwa; ndiyo sheria ya nchi, sikuitunga mimi. Nimeshampatia mume. Ni Bwana Otte wa ng'ambo, mtu mzima mwenye mashamba na askari, na siku ya kuposa ataniletea mizinga minne ya shaba. Mchungaji atamuuliza Jytte mbele ya watu Siku ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, naye atasema ndiyo.

Najua utapiga kelele. Piga, lakini kumbuka hukuwepo usiku ule wa vita, wakulima walipoichoma nyumba ya mbao ya baba yetu. Mimi nilitokea dirishani na shati la kulalia. Nikaapa sitalala tena katika nyumba ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu. Sasa ninazo nyumba mbili, mgongo kwa mgongo, katikati ya ziwa, kuta zimechomoka majini moja kwa moja. Kati yake pana ukuta mmoja mnene, mtu anaweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Humo nimeweka ngazi na kisima. Adui akiiteka nyumba ya mbele, tunapenya mlango mwembamba, tunaingia ya nyuma, tunakunywa maji yetu wenyewe huku tunampiga. Kilichobaki ni mizinga tu, na hiyo nimekwisha kukwambia inatoka wapi.

Jytte analala nyumba ya nyuma.

Baridi ikishika, leta wakulima wako wakate barafu kuzunguka kuta, kama nilivyopatana na marehemu. Maji yakiganda, ngome ya maji si ngome.

Hartvig

*

Kinu cha Chini
Jumapili baada ya Mtakatifu Martin

Shemeji Hartvig,

Huyo bata asikukwame kooni.

Mwanangu si kuku, umpeleke sokoni urudi na shaba. Na Otte! Hukupata mwingine? Kashazika wake wawili, sasa anatafuta wa tatu amchimbie. Mizinga minne kwa msichana wa miaka kumi na saba. Hata aibu huoni, unaandika kwa mkono wako na kutia sahihi.

Halafu unaniambia "ziwa". Ziwa lipi, shemeji? Pale palikuwa bonde la majani na kijito ambacho mbuzi alikiruka. Pamekuwa ziwa kwa sababu ya tuta langu na malango yangu matatu, na kinu hiki nilikuja nacho mwenyewe kwa Palle, sikupewa na ukoo wenu. Maji unayojivunia yamefungwa na mimi.

Tena nakukumbusha umesimama juu ya nini. Chini ya kuta zako umeuzika msitu mzima wa mialoni, nguzo kwa nguzo, zimegongwa matopeni majira matatu ya baridi. Mwaloni ukikaa majini hauozi, hata vitukuu wataukuta mgumu. Ukionja hewa, umekwisha. Nawe kwa haraka zako ulizikata nguzo vichwa kufuata kimo cha maji mwaka ule wa mvua, bwawa langu likiwa limejaa pomoni. Fundi alikuambia ushuke chini zaidi, ukamwambia yeye ni Mholanzi na hajui maji ya Fyn. Nikifungua malango yangu, vichwa vyote nje.

Nyumba ya udongo haihimili vishindo, shemeji. Nirudishie mwanangu kabla ya Majilio.

Edel

*

Stolpesø
Siku ya Mtakatifu Andrea

Shemeji,

Thubutu! Fungua tuone. Ukifungua, kinu chako kinasimama, na hao wakulima wako watakuja mlangoni kwako na magunia ya rai, nafaka yao ya mkate, wakuulize waitafune nzima? Mwaloni unachukua miaka kuoza. Wewe utatangulia.

Jytte hajambo. Anakula kuliko alivyokula kwako, amenenepa. Nimemchukulia viatu vyake, si kwa ukatili, ni kwamba mtu hatembei Fyn miguu mitupu mwezi wa kumi na mbili. Ili atoke angepaswa kuvuka nyumba mbili, ule mlango mwembamba, chumba changu, na daraja ambalo jua likizama linainuliwa. Nilijenga ili watu wasiingie, kumbe inafaa na kwa upande wa pili.

Nilikuwepo siku Palle alipokuoa. Nilimwambia, ndugu yangu, huyu hatanyamaza. Akasema ndicho alichompendea. Basi yeye kafa, mimi ndiye nimeachiwa kelele.

Hartvig

*

Stolpesø
Siku ya Mtakatifu Lusia

Shikamoo mama,

Barua hii anakuletea Maren mfuaji, nimeishona ndani ya pindo la shuka. Ukimaliza kuisoma ichome.

Sijasema ndiyo, na sitasema. Kila tukikaa mezani baba mkubwa ananionyesha matundu ya ukutani: mzinga wa kwanza utakaa hapa, wa pili pale. Nimemuuliza na huyo Otte atakaa wapi, akakasirika. Usiku namsikia anatembea. Anapanda ngazi ya ndani ya ukuta, anachungulia nje, anashuka, anapanda tena. Mama, yule mtu anaogopa. Nilidhani ni mkali, kumbe ni mwoga, na mwoga ni mbaya zaidi.

Najua uliyomtishia, maana alinisomea barua yako akicheka. Nakuomba usiyaguse maji. Kinachoweza kunisaidia ni kitu kingine: wazuie watu wako wasije kukata barafu. Chini kabisa ya nyumba ya nyuma pana mlango mdogo wa kufulia, unafunguka kwenye maji. Ndio pekee usiotiwa kufuli, kwa sababu nje yake hakuna pa kukanyaga. Ziwa likiganda patakuwa na pa kukanyaga. Mkesha wa Siku ya Mishumaa, alfajiri, watu wote watakuwa jikoni kwa ajili ya karamu. Nitajifunga matambara miguuni, nitatoka pale, nitavuka moja kwa moja hadi kwenye mierebi ya ukingoni. Nisubiri hapo na gari la theluji.

Barafu tu, mama. Usifanye kingine chochote. Nakujua.

Jytte

*

Kinu cha Chini
siku chache kabla ya Krismasi

Mwanangu,

Nimelia, nimecheka, sasa nimetulia.

Watu wangu wataumwa wote. Kila mmoja nimempa ugonjwa wake. Mimi mwenyewe nitakuwa kwenye mierebi na gari, na mablanketi, na mkate wa moto kifuani mwangu. Maji siyagusi, nakuapia kwa kaburi la baba yako.

Kula ushibe, upate nguvu. Baba yako mkubwa akinitukana usinitetee. Mchekee tu.

Mama yako

*

Stolpesø
siku ya tatu baada ya Sikukuu ya Mamajusi, 1557

Edel,

Wako wapi watu wako?

Ziwa limeganda toka ukingo hadi ukingo. Jana sungura amepita chini ya dirisha langu. Sungura! Nimemwaga mali yangu yote ili hata farasi wa mfalme asiweze kuzigusa kuta hizi, leo mnyama mwenye masikio kama yale anakaa chini ya chumba changu anajikuna. Nimewatoa wapishi na mhunzi, wanapasua upande wa daraja, wakigeuka nyuma pameshaganda. Upande wa nyuma hatuuwezi kabisa.

Nakwambia kitu ambacho simwambii mtu mwingine. Nikifumba macho naona mienge. Tafadhali leta mashoka.

Hartvig

*

Kinu cha Chini
kesho yake

Shemeji,

Wanakohoa. Asiyekohoa kateguka mguu, asiyeteguka mguu kaota ndoto mbaya na mkewe kamkataza kutoka. Nifanyeje? Siwezi kuwabeba mgongoni.

Kata mwenyewe. Una mikono miwili na nyumba mbili.

Au mlete Jytte darajani, akiwa na viatu vyake. Asubuhi ileile utasikia mashoka. Wewe unaona mienge ukifumba macho; mimi nikifumba namwona mwanangu anamvua Otte buti. Tofauti yetu ni kwamba mienge yako ilizimika zamani.

Edel

*

Stolpesø
Siku ya Mtakatifu Paulo

Shemeji,

Yamekwisha, tuache ugomvi.

Hatukungoja Siku ya Mishumaa. Jana mchungaji amekuja, amemuuliza Jytte mbele ya mashahidi, naye akajibu ndiyo kwa sauti ambayo hata walio mlangoni waliisikia. Leo alfajiri ameondoka na gari la theluji kwenda kwa mumewe. Alikuwa na koti jipya la manyoya, anacheka. Nilimuuliza kama ana neno kwa mama yake. Akasema, mwambie asinisubiri.

Sasa huna tena cha kugombania. Hasira weka kando, tuma watu wakate barafu, na wakati wa kuchipua tutakaa kama ndugu.

Hartvig

*

Kinu cha Chini
siku mbili kabla ya Siku ya Mishumaa

Hartvig,

Siku niliyopata barua yako nilikwenda kwenye tuta na nyundo, nikafungua malango yote matatu. Sikumtuma mtu. Niligonga mwenyewe hadi viganja vikachubuka.

Neno lako jingine lolote ningelikataa, maana uongo ni mkate wako. Ila hilo la "asinisubiri" hukulitunga wewe. Hukujua kwamba palikuwa na kusubiri. Hilo ni lake, kaniletea kupitia mdomo wako. Basi. Nimezaa mtoto wa kuuzwa akicheka, amevishwa manyoya. Aende. Sina binti.

Lakini na wewe hubaki na nyumba. Maji yanaondoka usiku na mchana. Huyaoni, kwa sababu theluji imefunika na barafu imebaki juu palepale, imekwama kutani na ukingoni kama dari isiyoshikiliwa na kitu. Usiikanyage, ingawa ningefurahi sana ukiikanyaga. Itakapoyeyuka utashuka na mshumaa uzitazame nguzo zako, vichwa vikavu, zinaanza kunuka. Utaishi miaka hiyo yote, shemeji. Nakuombea maisha marefu. Nataka kila mwaka usikie mlango mmoja zaidi umekataa kufunga, uone ufa mmoja zaidi, na ujue.

Kinu kimesimama. Tutakula rai nzima.

Edel

*

Stolpesø
mkesha wa Siku ya Mishumaa, adhuhuri

Edel,

Usiyafunge malango! Ukisoma hili tu na usisome kingine, inatosha. Usiyafunge. Yaache maji yatoke yote.

Barua yako imefika sasa hivi. Nilidanganya. Mchungaji hakuja. Jytte hakusema ndiyo, hakuondoka, hana koti la manyoya, hata viatu hana. Nilikuwa silali, nikadhani ukiamini yamekwisha utaleta mashoka. Na lile neno la kutosubiriwa nililiweka nikuchome moyo tu. Sikujua lina maana yoyote.

Asubuhi hii mlango wa kufulia umekutwa wazi. Nyayo za matambara zimetoka pale, zimekwenda hatua chache kuelekea kwenye mierebi, halafu pana tundu. Tumemshusha mhunzi kwa kamba. Anasema chini maji ni kidogo, matope yanafika mapajani, na giza linaenea pande zote chini ya barafu. Ameita. Hakuna anayejibu. Kila tukisogea barafu inakatika.

Kama bado anatembea huko chini, maji yakirudi yatamkuta. Nguzo zioze. Nimesema zioze! Wewe usifunge tu.

Njoo na kila mwenye shoka.

Hartvig

*

Kando ya mierebi, jioni ileile

Hartvig,

Sijafunga. Nipo upande wa pili na watu wote wa kinu, wake kwa waume, tunapasua. Waliougua na wasiougua.

Alfajiri ya leo nilipaswa kuwa hapa nilipo sasa, na gari, na mkate. Nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta.

Ukae upande wako. Mtu wako akikutana na wangu humu katikati sijibu kitakachotokea. Tuma kamba zaidi, na taa. Na unyamaze, niweze kusikia kama anaita.

Edel

*

Wiki ya pili ya Februari

Mama, na Baba mkubwa,

Nawaandikia karatasi moja. Kama hamwezi kukaa meza moja, msome kwa zamu.

Mimi ni mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havipo tena, mvikatie tamaa. Vingine vimepona.

Nilitoka kama nilivyopanga. Barafu ilikuwa na mlio nisioujua, wa pipa tupu, nikajiambia ni woga wangu. Kisha ikafunguka. Sikuanguka mbali. Nilisimama matopeni, juu yangu dari ya barafu, mwanga unapita kijani kidogo, na nyuma yangu nikaiona nyumba kwa chini. Baba mkubwa, hujawahi kuiona hivyo. Nguzo ni nyingi mno, safu baada ya safu, zinadondosha maji, na vile vichwa vyake mnavyogombania viko nje, vimeloa, vina konokono. Nilivishika. Nikasema, kumbe ndivyo hivi.

Juu sikuweza kurudi. Niliposhika barafu ilimeguka. Nikasikia maji yanatembea, nikayafuata. Kijito cha zamani bado kipo humo chini, kina mchanga mgumu, mtu anaweza kutambaa humo. Karibu na tuta barafu ilikuwa imeshaporomoka, nikatokea kwenye malango yako, mama. Jua halijachomoza. Nilikwenda hadi chini ya dirisha lako. Palikuwa giza. Sikuona gari wala farasi. Nikajiuliza labda nimekosea siku.

Mke wa msaga unga alikuwa anakwenda kukamua, akaniona, akapiga magoti, akadhani ni mzimu. Ndiye aliyeniambia. Kwamba nimekubali, nimeondoka nikicheka, kwamba bibi amesema hana binti na amefungua maji. Nikamwapisha asinitaje. Msimfukuze, alinipa soksi za mumewe.

Nililala kwenye zizi la ng'ombe ng'ambo ya tuta, katikati ya ng'ombe wawili, na tangu mchana hadi usiku niliwasikia mkipasua barafu. Niliwasikia wote wawili mkiita jina langu, huyu kutoka huku, huyu kutoka kule. Sikuitika. Nilitaka kuitika, sauti ilikuwepo. Nikaacha muendelee.

Baba mkubwa, wewe ulidanganya. Sina la kukuambia, ndivyo nilivyokutegemea. Bwana Otte nimemwandikia mwenyewe kwamba mizinga yake abaki nayo.

Mama, wewe ndiye nilikuwa nakuja kwako. Uliniapia kwa kaburi la baba. Kisha mtu ambaye wewe mwenyewe unasema uongo ni mkate wake akakuletea neno moja, ukaliamini siku hiyohiyo. Maren alikuwa anakuja kwenu kila wiki. Ungemwambia tu, nenda kachungulie kama mwanangu yupo. Hukumwambia. Nimelifikiria sana hili nikiwa nauguza mguu, na naona ulikuwa unayatamani yale malango tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unatafuta ruhusa tu.

Niko kwa watawa wazee wa kike, wale walioachiwa nyumba yao mpaka wafe, dini ya nchi ilipogeuzwa. Wamebaki wachache na hawasikii vizuri. Aliyenifungulia mlango hakuuliza mimi ni mtoto wa nani, wala nimetoroka nini. Alinitazama miguu, akasema, "Unataka nini, mwanangu?"

Nikasimama pale kizingitini nalia. Majira yote haya ya baridi watu wamenisemea ndiyo, wamenisemea hapana, wamevunja maji na barafu kwa ajili yangu, na hilo swali hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Mwisho nikasema nataka supu. Akaniletea.

Jytte